Mji Mmoja, Mizani Mbili

Vijana wangu wa gereji, Jumapili iliyopita nilipita nyuma ya maghala ya mahindi, pale mnapokimbizia magari yenu, nikasimama kwenye uzio na kuhesabu. Magari sita. Nikamuuliza mmoja wenu wengine wako wapi. Akaniambia wako upande wa pili wa mji, kwa sababu huko wanaruhusu tairi pana, na wale wa huko hawawezi kuja huku kwa sababu huku mnataka tairi nyembamba. Nilicheka mpaka nikaushika uzio. Najua mlisema mzee ameanza kuchanganyikiwa. Sivyo. Nilicheka kwa sababu ujinga huo ninaujua. Mimi mwenyewe niliusimamia miaka kadhaa, tena kwa mshahara.

Mnanijua kama Mzee Barasa wa Kitale, mwenye kuku na maneno mengi. Lakini kabla ya kuku nilikuwa mkaguzi wa magari ya mashindano Doha, Qatar. Nilifika huko mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nikiwa fundi wa breki, nikaangukia mikononi mwa tajiri mmoja aliyeitwa Abu Rashid, ambaye alikuwa na uwanja mdogo wa lami wa mviringo nje ya Abu Hamour. Mzunguko mmoja ulikuwa mfupi kiasi kwamba dereva akipiga chafya anaikuta kona nyingine. Magari yalikuwa yale ya kawaida ya zamani, saluni zilizochoka, zimetolewa viti na kufungwa kizimba cha mabomba ya chuma ndani ili gari likibiringika dereva asipondeke. Mashindano yalikuwa Ijumaa baada ya swala, miezi ya baridi tu, maana kiangazi cha kule hakina utani.

Aliyenifundisha ukaguzi alikuwa mzee mmoja Mgoa tuliyemwita Anko Fernandes. Mtu mkali, mfupi, daima na utepe wa kupimia shingoni kama fundi cherehani. Siku yangu ya kwanza alinipa gari nilikague. Nikalala chini, nikachungulia, nikainuka na kusema liko sawa. Akaniuliza, "Umemwangalia dereva?" Nikamwambia sijaambiwa nikague watu. Akanionyesha: dereva alikuwa amesimama ameegemea bawa la gari, kama mtu anayepumzika, kumbe analifunika pengo alipokata bati ili gari liwe jepesi. Tangu hapo nikajifunza kwamba gari haliwezi kudanganya, ila mwenye gari anaweza, na uso wake ndio unaanza kukaguliwa. Akikuchangamkia sana na kukuulizia watoto nyumbani, nenda moja kwa moja kwenye injini.

Mengine alinifundisha polepole. Mizani ya sahani nne, moja chini ya kila tairi, lazima ikae mahali tambarare, na kabla ya kupima ufagie, kwa sababu mchanga wa Doha huingia hata mahali usipoalikwa. Tairi usilitazame tu, libonyeze kwa ukucha. Wapo waliokuwa wanazipaka dawa ili mpira ulainike na ushike lami. Ekzosi ikiwa mpya kuliko gari lenyewe, uliza kwa nini. Hayo yatawafaa hata leo, maana ujanja wa madereva haujabadilika sana. Umebadilisha nguo tu.

Wakati huo uwanja wetu ulikuwa peke yake, na ulijaa. Walikuja Waqatari vijana na magari yao, Walebanoni, Wafilipino wanaocheka hata wakigongwa, Wahindi wa gereji, na Waafrika wachache. Mmoja wa hao Waafrika alikuwa Akinyi, nesi kutoka Siaya, tuliyemwita Sista kama mnavyowaita manesi hapa. Mwembamba kama fagio, mdomo kama wembe. Alinunua Corolla iliyokuwa imekata tamaa, akaifufua na fundi wa Kifilipino, akaanza kuwapita wanaume kwenye kona. Mara ya kwanza nilipomkagua aliniambia, "Mzee Barasa, kagua haraka, niko na shift usiku na bado sijawashinda hawa." Nikampenda kama binti yangu, lakini nilimkagua polepole vilevile.

Kisha ukafunguliwa uwanja wa pili, upande wa Al Wakrah. Mwenyewe alikuwa tajiri mwingine, na mkaguzi wake alikuwa rafiki yangu Ssalongo, Mganda. Jina hilo kwao ni la heshima, baba wa mapacha. Tulikuwa tunakula pamoja kwenye mkahawa mmoja Al Sadd, pilau kwa kuku, tukibishana juu ya kila kitu kuanzia mpira hadi ndizi. Tulipokuwa wakaguzi wa viwanja viwili, ubishi ukapata karatasi na muhuri.

Sikilizeni jinsi ilivyokwenda. Ssalongo aliamua kwake tairi pana zinaruhusiwa. Mimi nikasema kwangu ni nyembamba tu. Yeye akasema kizimba cha chuma kikifungwa kwa bolti kinatosha. Mimi nikataka kichomelewe. Yeye akaamuru vioo vya milango vitolewe, kwa sababu vikivunjika vinakata watu. Mimi nikaamuru vibaki, kwa sababu mchanga ukimwingia dereva machoni atagonga wenzake. Kusema kweli, vioo vyake vilikuwa na hoja kuliko vyangu, lakini ningemwachiaje Mganda ashinde? Halafu uzito. Mimi nilipima gari tupu, bila dereva. Yeye alipima gari pamoja na dereva wake ndani, tena akaweka kiwango cha juu, ili magari yawe mazito na yasiruke kwenye kona. Dereva mnene kwake alikuwa amebarikiwa. Dereva kama Akinyi alikuwa na kazi ya kutafuta kilo.

Mnaona alichofanyiwa mtu anayetaka kukimbia viwanja vyote viwili? Ijumaa hii anafunga vioo, Ijumaa ijayo anatoa vioo. Leo tairi hizi, kesho zile. Fundi wa Kifilipino wa Akinyi aliniambia siku moja amezoea vioo vile mpaka anaviota. Wengi hawakuwa na uvumilivu huo. Wakachagua upande mmoja, na wengine hawakuchagua kitu, waliuza magari wakanunua pikipiki za jangwani. Uwanja wetu uliokuwa ukijaa ukawa unaanza mbio na magari kumi, kisha manane, kisha matano. Nilidhani wamekimbilia kwa Ssalongo. Ssalongo naye, nilikuja kujua, alidhani wamekimbilia kwangu.

Miaka hiyo Doha ilikuwa inajengwa kila kona, na ardhi ya nje ya mji ikapanda thamani. Kampuni moja ya saruji ikamwendea Abu Rashid ikitaka kukodi uwanja wetu uwe ghala. Akaniita ofisini. Yeye alizungumza Kiarabu kilichochanganyika na Kiingereza cha kazini. Nawapeni kwa Kiswahili. "Barasa, mimi napenda mbio. Lakini magari matano si mbio, ni msafara wa harusi. Msimu ujao siku ya kwanza yakija magari yale yale, khalas, nawapa watu wa saruji."

Sikupata usingizi vizuri wiki ile. Kibali changu cha kuishi kule kilikuwa chini ya uwanja ule. Ukifungwa, mimi nafungasha, na pamoja nami vijana wanne wa pale uwanjani: mfagiaji, mlinzi wa geti, na wawili wa kushika bendera. Tena niliipenda ile kazi, nasema wazi. Kuna furaha ya kusikia injini ishirini zikiwashwa kwa pamoja ambayo kuku hawanipi, nawaheshimu lakini hawanipi.

Ijumaa moja mwisho wa msimu, jua la Aprili limeshaanza kutia adabu, Abu Rashid akaniambia twende Wakrah tukahesabu magari ya wenzetu. Tukaenda. Mwenye uwanja akatuona, akatuma mtu na viti na juisi, karibuni kwenye hema. Abu Rashid akakataa. Hatakaa kwenye kivuli cha mpinzani wake, akasema. Akasimama kwenye uzio, juani, mtu mzito wa miaka sitini, kanzu nyeupe, mikono nyuma. Nikamwambia, "Baba, jua." Akanijibu, "Hesabu."

Nikahesabu. Saba! Nilishangaa. Saba, pamoja na Akinyi aliyekuwa kwangu wiki iliyotangulia. Yaani sisi wote wawili tulikuwa tunagawana njaa. Vita vya panzi, furaha ya kunguru, na kunguru wetu alikuwa na lori la saruji.

Akinyi siku ile aliendesha kama mtu aliyetumwa. Ili afikishe uzito wa Ssalongo, alikuwa amefunga nyuma, mahali pa kiti, zile chupa kubwa za maji za kuweka juu ya mashine ya kunywea, ambazo kule kila nyumba na kila ofisi inazo. Amezikaza kwa mikanda ya kufungia mizigo, moja kando ya nyingine, zimetulia kama watoto kanisani. Ilikuwa akili nzuri. Chuma cha kuongeza uzito ni ghali na kazi kukitoa, lakini chupa za maji unazitoa unapokuja kwangu, unazirudisha unapokwenda kwake. Akashika uongozi katikati ya mbio na hakuuachia. Akapita bendera ya mwisho akiwa wa kwanza, mkono nje ya dirisha lisilo na kioo, anapiga kelele za Kijaluo.

Nikageuka kumwambia Abu Rashid kwamba yule ni wetu pia. Abu Rashid hakuwepo. Alikuwa chini, kando ya uzio, uso mwekundu na mkavu, macho yamekwenda pembeni.

Nilipiga yowe ambalo sikujua kuwa ninalo. Akinyi alikuwa anapita polepole kuelekea kwenye mizani, akaona, akasimamisha gari palepale, akaruka nje na helmeti kichwani. "Mzee, mshike miguu! Mburute kwa kivuli! Wewe, fungua hizo vifungo za kanzu!" Tukamvuta chini ya hema lile lile alilolikataa. Akinyi akamgusa shingo, akasema, "Huyu amechemka. Maji!" Akatazama huku na huku. Kulikuwa na vichupa vidogo vya juisi tu. Basi akarudi mbio garini, akafungua mikanda, akaanza kuzitoa zile chupa. Fundi wake Mfilipino alipoona akashika kichwa. "Sista, the weight! The weight!" Akinyi akamjibu, "Weight gani? Mtu anakufa hapa!"

Chupa ya kwanza ilimwagwa kifuani na shingoni. Ya pili kwenye vitambaa tulivyombana kwapani. Ya tatu, ya nne, tukilowesha na kupepea, tukilowesha na kupepea, mpaka zote zikaisha. Wakati gari la hospitali linafika Abu Rashid alikuwa ameshafumbua macho na anauliza nani amemlowesha. Tukamwonyesha. Akakataa kupanda gari la hospitali mpaka aone mwisho wa mbio. Mtu mbishi yule, Mungu amrehemu.

Na mwisho wa mbio ulikuwa mizani. Gari la Akinyi likapandishwa, na yeye ndani, na Ssalongo akasoma. Akafuta kioo cha mizani kwa kidole, akasoma tena. Lilikuwa jepesi sana, na kila mtu alijua kwa nini. Madereva wakaanza kupiga kelele: mpe, mpe, ameokoa mtu! Wa pili mwenyewe, kijana Mlebanoni, akasema hataki kombe la namna hiyo. Ssalongo akajifuta jasho. Halafu akanitafuta kwa macho kwenye umati.

"Barasa, ssebo, bwana wangu. Kama ni kwako ungefanya nini?"

Vijana, nilitamani ardhi inimeze. Yule binti alikuwa ametoka kumwokoa bosi wangu. Lakini ukimpa mtu mwema ushindi nje ya sheria leo, kesho kila dereva atakuja na hadithi ya wema wake, na nyingine zitakuwa nzuri kuliko kweli. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Nikasema, "Ningemkata."

"Na mimi namkata," akasema Ssalongo. "Maji yakimwagika hayazoleki."

Akinyi akashuka kwenye gari, akavua helmeti taratibu, akatutazama mmoja mmoja. "Nyinyi wazee wawili," akasema, "tangu mjuane mmekubaliana kitu kimoja tu, na hicho kimoja ni kuninyima ushindi wangu!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na yeye akacheka, ingawa macho yalikuwa yamemlengalenga. Aliyekuwa hacheki ni Abu Rashid, kwenye kiti chake, kanzu imemganda mwilini. Akaniita.

"Kwetu lile gari lingepita?"

"Kwenye mizani lingepita, baba. Hata bila maji."

"Mji mmoja. Gari moja. Msichana mmoja. Huku haramu, kule halali?"

"Ndiyo, baba."

"Nani aliyeandika hivyo?"

Mimi nikamnyooshea Ssalongo kidole, yeye akaninyooshea mimi. Abu Rashid akageuka, akamwambia mwenye uwanja wa Wakrah maneno ya Kiarabu ya haraka haraka ambayo sikuyapata yote, ila nilisikia neno aibu. Kumbe yule naye alikuwa amechoka kuliko sisi. Watu wa saruji walikuwa wameshaenda kwake pia. Wakapeana mikono palepale: mashindano mamoja, viwanja kwa zamu. Kisha wakatuambia sisi wakaguzi tukakae tutoke na sheria moja, na tukishindwa, wote wawili tutafute kazi kwenye saruji.

Tukakaa kwenye mkahawa wetu wa Al Sadd, na mwamuzi tukamweka Akinyi. Masharti yake yalikuwa mepesi. Kila sheria tuliyoitaja aliuliza maswali mawili: inamlinda nani, na inamfungia nani nje. Kama haimlindi mtu, inatoka. Nikaanza na vioo vyangu. "Vinamlinda nani?" Nikasema dereva, asiingiwe na mchanga. "Mzee, dereva ako na helmeti, na helmeti iko na kioo. Toa." Nikatoa, roho inaniuma. Tukaweka wavu dirishani badala yake. Ssalongo akaleta tairi zake pana. "Zinamlinda nani?" Akajikuna kichwa, akasema zinapendeza. "Ssalongo, harusi ndiyo inapendeza. Toa." Hapo nilikula pilau kwa raha. Bolti za kizimba tukaziruhusu, ila ziwe nene, na tukakubaliana unene. Uzito, nilikubali wa Ssalongo wa kupima gari na dereva, kwa sababu ndio wa haki, lakini tukaushusha mpaka mtu mwembamba asilazimike kubeba kisima.

"Na uzito wa kuongeza?" nikauliza.

"Ufungwe kwa bolti," akasema Akinyi. "Chuma. Mtu asije akaokolewa nao."

Hapo ndipo nilipojifunza kazi yangu upya, uzeeni. Nilikuwa nadhani sheria kali ndizo zinazofanya mashindano yaheshimike. Mnakosea mkidhani hivyo. Sheria mbaya haigombani nawe. Haikupigii kelele getini. Inamwambia dereva tu, kimyakimya, leo usiende. Nanyi mnabaki mnalaumu mvua.

Kiangazi kikapita. Nikapaka rangi mistari ya uwanja, nikafagia chini ya mizani. Ijumaa ya kwanza ya msimu, zamu ilikuwa ya uwanja wetu. Swala ikaisha. Geti liko wazi, barabara nyeupe, hakuna kitu. Abu Rashid amekaa ofisini, na kwenye maegesho limesimama gari dogo la mtu wa saruji, amekuja na utepe wake wa kupimia ardhi, anangoja kwa adabu. Ssalongo alikuwa nami kwenye mizani kunisaidia. Hatukuongea. Mganda anyamaze? Mjue hali ilikuwa mbaya.

Halafu likatokea moja, limevutwa nyuma ya pikapu. La Mlebanoni. Nyuma yake lingine. Nyuma yake mawili ya Wahindi. Kisha vumbi likawa moja refu kutoka barabara kuu, na mlinzi wetu wa geti, mtu mtulivu asiyeinua sauti, akaanza kukimbia kuja kwetu akiuliza yote yawekwe wapi. Watu ambao sikuwaona miaka miwili walishuka wakinisalimia kana kwamba tuliachana jana. Tuliyapima hadi migongo ikatuuma. Mtu wa saruji alitoka kuangalia, akakaa kwenye ngazi, akasahau kuondoka mpaka mbio zikaisha.

Akinyi alianza mbele. Mzunguko wa tatu akagongwa ubavuni, akazunguka mara mbili, akajikuta wa mwisho. Akapigana kurudi kwenye ule msongamano, kona kwa kona, mpaka bendera. Niliteremka kumpokea nikijua atanipa maneno. Alivua helmeti, uso wote vumbi isipokuwa macho.

"Pole, Sista," nikamwambia. "Umemaliza wa ngapi?"

"Wa kumi na saba!" akasema, akacheka kwa nguvu mpaka akakohoa. "Mzee, nyumbani niko na kabati imejaa vikombe. Mwaka jana tulikuwa watano, kila mtu anaenda na kikombe, hata mwenye gari limezima. Leo nimepita watu, Mzee. Watu! Nimetoa jasho kumpita mtu wa kumi na nane!"